Mkaa wa samadi ya kuku si urea

Msimu uliopita mteja wetu alituletea picha za mahindi kwenye simu. Majani ya chini yalikuwa ya manjano, yakianzia nchani na kuingia katikati ya jani kama herufi V. Shamba lina njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Alikuwa ametia mkaa wetu wa samadi ya kuku, yaani samadi tunayoichoma kwa hewa kidogo hadi iwe mkaa wa kutia udongoni, akaacha kununua urea, ile mbolea ya naitrojeni, kwa hoja kwamba samadi ya kuku ni kali, basi na mkaa wake utakuwa mkali. Kosa ni letu. Tulipokea hela bila kumweleza.

Ukisimama karibu na pipa letu tunapochoma, utajua naitrojeni inakwenda wapi. Samadi inapoanza tu kukauka, macho yanawasha: hiyo ni amonia, gesi inayobeba naitrojeni. Joto likipita nyuzi 300 protini zinavunjika, amonia zaidi inatoka pamoja na gesi nyingine zenye sumu, ndiyo maana hatuwaruhusu watoto kusogea. Tukifika nyuzi 500 sehemu kubwa imeshapotea. Iliyobaki haikai tena kama ilivyokuwa kwenye samadi. Imejifunga ndani ya pete za kaboni, chembe za mkaa zilizoshikana kwa mviringo, sawa na nondo ndani ya zege. Peleka mkaa huo maabara, cheti kitasema naitrojeni ipo. Mahindi hayaioni, na vijidudu vya udongo vinahangaika miaka kuifungua.

Fosforasi, potasiamu na chokaa ndizo zinazosalia kwa wingi, na vitundu vya mkaa vinashika maji. Kwa hilo tunauza bila aibu.

Wengine wanatuomba mkaa huohuo kwa ajili ya jiko. Hatuuzi. Kaboni ikiungua, zile pete zinafunguka: naitrojeni nyingine inaondoka kama gesi ya kawaida isiyodhuru, nyingine inashika oksijeni na kuwa moshi usioonekana unaokereketa koo. Msisingizie hewa, ingawa asilimia 78 yake ni naitrojeni. Jiko la mkaa halina moto wa kuiunguza hiyo. Inatoka kwenye mkaa wenyewe. Kuni kavu kwa kawaida haifikishi hata asilimia 1 ya naitrojeni, samadi ya kuku iliyokauka huwa na 3 hadi 5. Tena majivu yake ni mengi, jiko linaziba. Kwa kupikia chukueni wa vifuu au magunzi.

Wa shambani uchanganyeni na mboji mbichi, muufunike wiki 2, ndipo uingie shimoni. Urea endeleeni nayo, ila msiitie ndoo moja na mkaa: mkaa huu una ukali wa magadi, na urea ikishapata unyevu humo amonia inaruka, hela yenu inapaa nayo.

Sasa magunia tunayashona tofauti. Uzi mwekundu ni mkaa uliokwishalala na mboji, mweupe ni mkavu, wa kuchanganya mwenyewe.