Mpira wa tumboni ukichomoka usiku Pemba, tukimbilie wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na Wizara ya Afya, na hasa hospitali zetu za Pemba, kuhusu watu waliopona saratani ya mdomo, ya koo au ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), wakabaki hawawezi kumeza, wakawa wanalishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni.

Mjomba wangu hapa Wete ni mmoja wao. Alivuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kama wanavyovuka wengi wa visiwani wanaohitaji mionzi. Alihudumiwa vizuri na uvimbe ukaondoka, alhamdulillahi. Tukadhani yamekwisha.

Kwa bahati mbaya mionzi ile ile inayoua saratani yaweza kuacha misuli ya koo imekakamaa, taya limekaza na mate yamekauka. Wengine hupata shida hiyo wakiwa bado kwenye tiba, wengine huwafika miaka baadaye, mtu keshasahau habari ya hospitali. Chakula hupotea njia kikaingia mapafuni, na wapo ambao hata hawapaliwi wala hawakohoi. Kinachoonekana ni homa, kifua na kukonda. Ukitibiwa nimonia leo, baada ya muda imerudi. Wagonjwa wa namna hii ndio huwekewa mpira wa kulishia: wa puani kama ni kwa wiki chache, au wa tumboni, unaopitishwa kwenye tundu dogo hadi mfuko wa chakula, kama safari ni ndefu. Kuweka mpira wa tumboni bila ya upasuaji mkubwa kulielezwa na madaktari wa Marekani tangu mwaka 1980. Si jambo la majaribio, wala si dalili kwamba mtu anaagwa, ingawa majirani hulitazama hivyo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mpira ule ukichomoka, tundu huanza kuziba ndani ya saa chache. Wa mjomba ulichomoka usiku, akijigeuza kitandani. Tulikokimbilia tuliambiwa mipira ya aina ile haipo, tungoje boti ya Unguja. Kufika Unguja tundu limejifunga, na mzee akaanza upya: kulazwa, kuwekewa mwengine, na gharama juu yake.

Baadaye daktari mmoja alinieleza jambo lililonikera zaidi. Tundu likishakomaa, yaani mpira umekaa mwezi na zaidi, muuguzi aliyefunzwa anaweza kulizuia lisizibe kwa kupitisha mpira wa mkojo, ule wa kawaida kabisa, akaubana kwa plasta, na mgonjwa asilishwe kitu mpaka ihakikishwe kwamba umeingia tumboni. Tundu bichi halichezewi hivyo, na watu wa nyumbani wasijaribu. Lakini mpira wa mkojo! Ni wodi gani isiyokuwa nao? Tulikesha kwenye benchi kwa kukosa ujuzi wa dakika chache.

Simlaumu nesi wa zamu. Hakufunzwa, na karatasi tuliyokwenda nayo haikusema mpira ni wa ukubwa gani wala uliwekwa lini. Ninachoomba ni kwamba Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni kila hospitali iwe na wauguzi waliofunzwa kazi hii, mchana na usiku, na mipira michache ya akiba. Na mgonjwa anaporuhusiwa apewe karatasi ya Kiswahili yenye mambo hayo mawili, ukubwa na tarehe.

Jengine liko jikoni. Mkewe mjomba, kwa kuogopa mpira usizibe, alikuwa akimpa uji mwepesi kama maji. Tumbo linajaa, mbavu zinahesabika. Hakuna aliyemwambia kwamba samaki, mayai, maziwa, viazi na kijiko cha mafuta vyaweza kusagwa kwenye blenda vikachujwa vizuri, wala kwamba kinachozuia mpira kuziba ni maji safi, kiasi cha mililita 30, yanayosukumwa kwa bomba la sindano kabla na baada ya kila mlo. Mgonjwa alishwe ameinuliwa kifua, asilazwe chali kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima baadaye. Vidonge navyo havisagwi ovyo, maana vipo vilivyotengenezwa viyeyuke polepole, na ukivisaga dawa yote huingia kwa mkupuo. Haya anayepaswa kufunzwa ni mpishi, si mgonjwa peke yake, tena alishe mwenyewe mara moja mbele ya muuguzi kabla ya kuondoka hospitali. Kwetu walifunzwa wanaume waliosindikiza, na hakuna hata mmoja wao anayeingia jikoni.

Ramadhani ilimsumbua mjomba kuliko njaa. Alitaka mpira ufungwe mchana. Sheikh wa msikitini kwetu alimjibu kwamba kinachoingia tumboni kwa mpira ni chakula na mgonjwa ana ruhusa yake, akamweleza habari ya fidia, na mzee akatulia. Nadhani masheikh wakilisema hili hadharani watawasaidia wengi wasioweza kuuliza.

Na kuwa na mpira si kuacha kumeza moja kwa moja. Koo lisilotumika huzidi kudhoofu, ndiyo maana yapo mazoezi, na mtaalamu wa kumeza akikupima anaweza kukuruhusu vijiko viwili vitatu vya kitu laini. Wapo wanaofika kuutoa mpira kabisa. Mtaalamu huyo akija Pemba hata kwa zamu, mara moja kwa miezi kadhaa, atawapunguzia wagonjwa dhaifu safari za baharini.

Kama ipo hospitali hapa kisiwani ambayo tayari ina muuguzi wa kazi hii, naomba itangaze, na itaje kama usiku naye yupo.

Mpwa wa mgonjwa,
Wete, Pemba