YAH: MALALAMIKO KUHUSU KLACHI YA PIKIPIKI YANGU NA JINSI NILIVYODHALILISHWA KWENYE GEREJI YENU

Meneja wa Huduma,
Tawi la Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeacha siku tatu zipite kabla ya kuandika, ili nisije nikaandika maneno ambayo afisa wa serikali hapaswi kuyaandika. Kadi ya dhamana ni yenu, kitabu cha huduma ni chenu, na namba ya chesisi mnayo kwenye faili, kwa hiyo sitawasomea yaliyomo humo.

Jumatatu saa mbili asubuhi niliwaletea pikipiki yangu, ile nyekundu ya cc 125. Kwenye fomu niliandika kwa mkono wangu: "Gia ya nne na ya tano, nikivuta resi mlio unapanda lakini mwendo hauongezeki. Inazidi injini ikishapata moto na nikiwa na mzigo. Kuna harufu ya kuungua." Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kilima cha kupandia Chuo Kikuu kule Chimwaga injini ililia kama iko mwendo wa 80, huku mshale ukirudi mpaka 30 na malori yakinipigia honi nyuma. Mtu aliyeandika maneno hayo amewapa nusu ya jibu. Fundi hakuisoma fomu. Alibonyeza kishikio cha klachi mara moja, akachukua spana, akaukaza waya, akaniambia nijaribu. Nilifika getini, hali ni ile ile, nikarudi.

Hapo ndipo fundi wenu mkuu aliposimama katikati ya uwanja na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mama, klachi nzima hii. Tatizo ni mkono. Wanawake mnaikalia klachi. Hebu panda tukuone unavyoishika." Kwenye benchi walikuwepo vijana wa bodaboda wasiopungua kumi wakisubiri huduma. Nikapanda. Nikashika. Wakacheka.

Naendesha pikipiki kwa miaka 11, Ndugu Meneja. Mimi ni afisa ugani. Nimepita njia za Mvumi na Hombolo kwenye mvua za Januari, makorongo yamejaa, nikiwa na dawa za mizabibu nyuma. Sikujifunza klachi juzi.

Baada ya kucheka huko nikaandikiwa kwenye karatasi ya kazi "HAKUNA TATIZO, MTUMIAJI AELEKEZWE", ikagongwa muhuri, nikatozwa shilingi 15,000 za ukaguzi. Ukaguzi upi? Niliomba jaribio moja tu: injini iwake, iwekwe gia ya juu kabisa, breki zishikwe imara, klachi iachiwe taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Klachi inayoteleza itaiacha injini inaendelea kulia na pikipiki haitoki mahali pake. Halichukui dakika moja. Nikajibiwa kwamba hapo si shule.

Jaribio hilo alilifanya mzee mmoja fundi pale Majengo, chini ya mwarobaini, mtu asiye na koti lenye nembo. Injini haikuzima. Akalegeza waya kwanza, kwa sababu mtu wenu alikuwa ameukaza mpaka kishikio hakichezi hata kidogo. Ncha ya kishikio inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukiondoa nafasi hiyo, klachi inabaki imebonyezwa nusu muda wote, hata dereva asipoigusa, na huko ndiko kuikalia klachi. Kwa hiyo anayeikalia klachi yangu ni fundi wenu, kwa spana yake, na lawama nikabebeshwa mimi. Mzee akakagua cheni na spoketi zisiwe zinaruka meno, ziko sawa. Akaniambia pia kwamba ingekuwa ringi na pistoni zimechoka, mlio ungelemewa pamoja na mwendo, usingepanda peke yake. Halafu akauliza: "Mwanangu, humu wameweka oili gani?"

Risiti ya huduma ya kwanza ninayo, ile ya kilomita 1,000. Imeandikwa oili ya gari, na chupa yake tupu mlinipa nikabebee maji ya kunyunyizia, nayo ninayo bado. Juu yake pameandikwa kwamba inaokoa mafuta. Klachi ya pikipiki hii inafanya kazi ndani ya oili ile ile ya injini, na pleti zake hushikana kwa msuguano. Oili za gari za aina hiyo hutiwa viungo vya kupunguza msuguano. Ndiyo maana kitabu mnachowauzia wateja kinataka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, yaani ya klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Tatizo lilianza kilomita 400 tu baada ya huduma yenu. Sijui kwa nini nalazimika kuwaelezea haya watu wanaouza pikipiki.

Mzee akamwaga oili, ikatoka nyeusi na inanuka kuungua. Akafungua kifuniko cha upande wa kulia. Pleti za msuguano zimeungua, za chuma zimegeuka rangi ya bluu, na springi alipozisimamisha pembeni ya springi mpya zilikuwa fupi kwa macho tu. Msiniambie dhamana imevunjika kwa kuwa imefunguliwa nje. Ilifunguliwa nje baada ya ninyi kuandika na kugonga muhuri kwamba hakuna tatizo.

Lakini nirudi kwenye uwanja wenu, kwa sababu pesa zinarudishika na lile halirudishiki. Ufunguo wa pikipiki yangu ulikuwa mfukoni mwa fundi mkuu. Ndiyo maana nilipanda. Hakunipa mpaka nipande. Nilipokishika kishikio akanishika kiganja cha mkono na kuvikunjua vidole vyangu kimoja kimoja, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza kushika penseli, huku akiwatazama wale vijana. Dada wa mapokezi aliinamisha uso kwenye daftari lake. Na kwenye benchi lile, mwishoni kabisa, alikaa mmoja wa wakulima wangu wa zabibu wa Mpunguzi. Mtu ambaye kila msimu ananisikiliza nikimwelekeza kupogoa na kupulizia dawa, na anafuata ninayomwambia. Yeye hakucheka. Alitazama chini. Nilitamani angecheka na wengine kuliko kunionea huruma. Wiki ijayo nina mafunzo shambani kwake.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie gharama za matengenezo: pleti 32,000, springi 8,000, gasketi 5,000, oili sahihi 13,000, ufundi 20,000, jumla shilingi 78,000. Pamoja na 15,000 za ule mnaouita ukaguzi. Na nauli za bodaboda kwenda vijijini siku nne, 60,000, kwa maana wakulima hawasubiri klachi. Hiyo ni 153,000.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo. Sasa nataka pia kikapu cha klachi na injini yote vikaguliwe na fundi kutoka makao makuu yenu, si wa tawi hili, na matokeo nipewe kwa maandishi, kwa sababu unga wa pleti zilizoungua umezunguka na oili ndani ya injini kwa wiki kadhaa. Ukikutwa umeleta madhara, sitapokea matengenezo. Nitataka pikipiki nyingine mpya. Nataka ile karatasi ya "mtumiaji aelekezwe" ifutwe kwenye faili langu. Na nataka fundi mkuu aniombe radhi uwanjani pale pale aliponipandishia, saa ya wateja wengi, kwa sauti ile ile aliyoitumia.

Nawapa siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii pamoja na risiti, karatasi yenye muhuri na picha za pleti zitafika Tume ya Ushindani, iliyowekwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kumlinda mlaji. Ofisini kwetu wenzangu sita wameanza kuchangishana kununua pikipiki kwenu. Nimewaomba wasubiri jibu lenu kwanza.

Pleti zilizoungua nimezifunga kwenye gazeti, ziko mezani kwangu. Msitume mtu kuzichukua. Nitazileta mwenyewe siku ya kuombwa radhi, nizipange moja moja juu ya benchi lile.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wenu,
Afisa Ugani, Dodoma.