Gari la zamani usilianze kwa stata

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenye magari yaliyolala uani miaka na miaka, manake yaliyonipata mimi sipendi yampate mwingine.

Marehemu ami alituachia Datsun 240Z, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally 1971, na 1973 ikashinda tena mikononi mwa dereva Shekhar Mehta, milango miwili, silinda sita, kabureta mbili. Hapa Mombasa imekaa chini ya mwembe tangu 1996. Mwaka jana nikanunua betri, nikaita vijana wa gereji moja, wakamimina petroli mpya juu ya ile iliyooza wakapiga stata. Injini ikageuka kidogo tu ikakwama kwa kishindo. Kumbe ringi za pistoni zilishagandana na silinda kwa kutu, mbili zikavunjika pale pale. Wallahi roho iliniuma, nilihisi nimemkosea ami.

Basi ndo mambo yakaanza kufunuka. Petroli ya zamani imekuwa ulimbo, kabureta zote zimeziba, tenki ndani kutu tupu, na pale betri inapokaa bati limeliwa na asidi na chumvi ya bahari mpaka kidole kinapita.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa Majengo. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuinywesha kwanza?" Yaani unatoa plagi zote, unamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki kwenye kila silinda, unaacha wiki nzima, halafu unazungusha injini kwa mkono na spana, polepole, stata baadaye kabisa, na tenki unalimwaga na kuliosha kabla ya yote. Ni yeye pia aliyejua kwamba kipenyo cha silinda za 240Z ni milimita 83 sawa na za Datsun 160J, ndo tukapata ringi duka la spea za zamani.

Kabureta anazilinganisha kwa kusikiliza pumzi yake, bomba la mpira sikioni, hii na ile mpaka zivume sawa. Vijana wake wote wamezoea kompyuta, hakuna aliyejifunza, na macho yake yashaanza kufifia. Vyuo vya ufundi vya hapa pwani viwaite wazee kama huyu hata siku moja kwa wiki, tena mwaka huu huu, na wawalipe.

Injini sasa inanguruma lakini gari halijatoka uani, mastasilinda, yaani pampu kuu ya breki, imeganda na mpya sijaipata. Msomaji mwenye nayo, hata mbovu, tafadhali asiiuze kwa wa vyuma chakavu, aandike kupitia gazeti hili nitaifuata popote ilipo.

Msomaji wenu,
Mombasa