Barua kwa rafiki yangu, kiranja mkuu mpya

Tumsifu Yesu Kristu, rafiki yangu.

Barua yako nimeipata, na habari ya kuchaguliwa kwako kuwa kiranja mkuu imenifurahisha mno. Hongera sana. Umeniuliza uanzie wapi, tena umenieleza mpango wako wa kwanza: kukusanya sabuni, nguo na vyakula, kisha mwende na bendera ya shule kwenye makao ya wazee. Mpango ni mzuri, usiuache. Ila ningekuomba uanzie karibu zaidi: bwenini, darasani, kwenye foleni ya chakula.

Kiranja ana madaraka makubwa kuliko anavyodhani. Ni wewe unayeandika majina ya wachelewaji. Ni wewe unayepanga zamu za usafi, na unajua kabisa nani ataangukia vyoo na nani atamwagilia maua. Mwanafunzi mgeni anayelia usiku kwa kukumbuka nyumbani atakutana na wewe kabla hajamfahamu mkuu wa shule. Atasikia sala ya asubuhi na ataona msalaba ukutani, lakini dini ya shule hiyo ataipima kwa jinsi ulivyomwita siku ya kwanza, kwa jina lake au kwa kejeli.

Nikisoma barua yako nilimkumbuka Mtakatifu Dominiko Savio. Mwaka 1856, katika nyumba ya Don Bosco, padre aliyewalea vijana huko Torino, Italia, yeye na wenzake wachache walianzisha chama chao chini ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Walikuwa wanafunzi kama wewe. Mwanachama alikabidhiwa mvulana wa kumwangalia: mgeni asiye na rafiki, au mtukutu aliyewachosha wengine. Akawa wa kucheza naye, kumsaidia, kumvumilia. Dominiko alifariki Machi 1857, hajatimiza hata miaka 15, na mwaka 1954 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Mimi naamini viranja wako wakifanya hilo tu kwa muhula mmoja, kila mmoja na mtu wake, mtaijua shule yenu upya. Wewe pia uwe na wako, usiwagawie wengine tu.

Kuhusu yule mlioshindana naye, ambaye unasema watu wake bado wananung'unika na kukuzomea, nakuomba usome Injili ya Yohana sura ya 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, taratibu. Kila Alhamisi Kuu tunamwona padre akiosha miguu, tumezoea, macho yanapita juu juu. Hebu angalia waliokuwa mezani. Yuda, aliyemsaliti, alikuwa bado hajatoka. Alitoka baadaye, alipokwisha kupokea tonge. Kwa hiyo na miguu yake ilioshwa, na Yesu alikuwa anajua yote. Mimi mstari huo hunisimamisha kila ninapoufikia. Basi huyo mwenzako mpe kazi yenye uzito, ile anayoimudu kuliko wewe. Umesema ni hodari wa kupanga michezo. Mwachie michezo, na akifanya vizuri msifu mbele ya watu. Nao wanaozomea wasijikute kwenye zamu mbaya kwa sababu hiyo. Ni gumu, na hakuna atakayekupigia makofi, lakini hapo ndipo wanafunzi watakapojua kama ulitaka cheo au ulitaka kuwatumikia.

Sasa turudi kwa wazee. Mwaka 1833 Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Paris, kijana wa miaka 20. Katika mijadala ya wanafunzi, waliopinga dini waliwauliza Wakatoliki: ninyi leo mnawafanyia nini maskini? Ozanam na wenzake wakaamua kujibu kwa miguu yao, wakaanza kuwatembelea maskini majumbani. Tena hawakwenda kwa kubahatisha. Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa amewahudumia maskini wa mtaa huo kwa miaka mingi, aliwaelekeza nyumba za kwenda na namna ya kuingia humo kwa heshima. Huo ndio mwanzo wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea duniani.

Na wewe mtafute Sista Rosalie wako. Kabla ya kukusanya chochote, nenda na wenzako wawili mkazungumze na anayewatunza wazee hao. Huenda sabuni ipo tele, na kinachokosekana ni mtu wa kufua mashuka, kukata kucha, au kukaa na bibi asiyetembelewa na ndugu. Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana hatua tatu: ona, amua, tenda. Wengi wetu tunarukia ya tatu. Na tafadhali, msimpige picha mzee akipokea mche wa sabuni. Angekuwa babu yako usingependa. Pangeni pia mtakavyorudi, hata mkiwa wachache, maana mzee aliyekupenda atakuwa anakungoja.

Masomo yako usiyatupe kwa ajili ya ukiranja, na ukielemewa mwone padre mlezi mapema. Kukubali kusaidiwa nako ni sehemu ya kazi. Petro mwenyewe alikataa kuoshwa miguu mpaka akaonywa.

Niandikie ukishazungumza na yule mwenzako. Na ukishampata mwanafunzi wa kumwangalia, nitumie jina lake la ubatizo tu, nimtaje kwenye Rozari pamoja na lako.

Wako katika Kristu,
Rafiki yako