Mhariri, mekapu zetu zinaishia kwenye ndoo ya uwanja wa ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa kooni toka mwaka jana na kila ninayemsimulia naye ananitolea la kwake, nikaona bora niliandike tu.

Mi napamba maharusi hapa Dar, huu mwaka wa tisa. Kazi nyingi ni kitchen party, sendofu na harusi zenyewe za hapa hapa mjini, ila siku hizi ndugu zetu walioko Oman nao wanapenda kumtoa mpambaji huku, wanasema kule ukikosea mtu wa kukupamba unapakwa mpaka unakuwa jivu. Basi mtoto wa mama mkubwa anaolewa Muscat, nikaitwa. Ndege nilishapanda ya Mwanza, ya kwenda nje ndo ilikuwa ya kwanza. Begi la mekapu nikaling'ang'ania mkononi sikutaka kulitoa macho, maana kuna mwenzangu lake aliliweka kwenye mizigo ya chini likachelewa siku mbili, akampamba bi harusi kwa mekapu za kuazima kwa mashemeji, mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kufika kwenye mashine (uwanja sitautaja, sijaja kugombana na mtu) kijana wa ukaguzi akanyanyua kichwa, "Dada, hili lako? Tulifungue kidogo." Akatoa chupa ya spreyi, ile ya kumalizia inayoshika mekapu isiyeyuke, akaigeuza kitako juu, akaisogeza kwenye taa, akaweka ukucha kwenye namba: 118 ml. Nikamwambia kaka angu hiyo imebaki robo tu, itikise uone. Akaitikisa kweli, ikalia chwa chwa chwa. Akasema "naelewa dada, ila sisi tunaangalia chupa, kilichobaki ndani hatukipimi." Ikaenda kwenye ndoo. Ikafuata losheni, ikafuata jeli ya nywele, ikafuata kisafishio cha brashi nilichokinunua juzi yake tu Kariakoo hata lebo ya bei haijatoka. Hiyo ndoo nilivyoichungulia jamani, pafyumu, dawa za meno zile tyubu kubwa, kopo la asali, yaani mtu angeweza kufungua genge.

Nyuma yangu kulikuwa na mama wa makamo ana mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, kayatia kwenye kopo la siagi ya karanga, anampelekea mwanawe. Akaambiwa hayapiti, vimiminika vikubwa haviruhusiwi. Mama akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, haya mafuta, maji yako wapi humu?" Kijana akakosa jibu. Mama akafungua kopo akajipaka mpaka kwenye viwiko, akanivuta mkono na mimi akanipaka, halafu akaliweka kopo kwenye ndoo mwenyewe. Nilifika Muscat nanukia nazi.

Sasa hapo kwenye neno la yule mama ndo penye barua yangu. Tangazo la ukutani lilikuwa la Kiingereza tupu, na hata lingetafsiriwa "vimiminika" bado lisingemsaidia mtu, kwa sababu hakuna mwanamke wa Kiswahili anayeiita maskara kimiminika. Kwetu kinachomiminika ni maji, juisi, mchuzi. Lakini kwa sheria yao ni chochote kinachopakika, kinachominywa au kinachopulizwa, yaani faundesheni, praima, maskara, lip gloss, wanja wa maji, gundi ya kope, losheni, mafuta, jeli, pafyumu, spreyi, dawa ya meno. Kila kimoja chupa yake isizidi 100 ml, na vyote kwa pamoja viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa zipu wa lita 1, kama sentimita 20 kwa 20, na mfuko ufunge. Andikeni hivyo kwa Kiswahili cha jikoni, muone kama ndoo itajaa.

Sheria yenyewe siibishii. Ilianza Agosti 2006 baada ya polisi wa Uingereza kukamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na hakuna anayetaka kupanda ndege na mtu kama huyo. Ninachogombea ni kwamba tunaambiwa mwishoni kabisa, pale kwenye mashine, begi kubwa lishaondoka huna tena pa kuhamishia kitu, nyuma foleni inakupumulia shingoni.

Na kinachouma, vingi vingepona. Faundesheni karibu zote za dukani ni 30 ml, praima hivyo hivyo, maskara ni 8 au 10, kwa hiyo vitu vya maana vyote ni vidogo tayari, vinavyotuponza ni spreyi, losheni na misafishio. Hivyo siku hizi navihamishia kwenye vichupa vya 50 vya pale Kariakoo, au naviweka kwenye begi la chini nikajua moja. Na vitu vikavu haviingii kabisa kwenye hesabu ya mfuko: poda, paleti za aishedo, blasha, penseli ya wanja, lipstiki ya fimbo. Wa Marekani tu ndo wajue toka 2018 poda ya zaidi ya 350 ml, yaani inazidi kidogo kopo la soda, mkononi inaweza kukaguliwa upya na hata kukataliwa, na nani anabeba poda ya ukubwa huo labda wenye watoto wachanga.

Faundesheni za kazi ndo zilinisumbua kuliko vyote, maana mpambaji habebi rangi moja, mi natembea na 14, na 14 za vioo hazitoshi kwenye mfuko hata uzilaze vipi. Nikajifunza kwa dada mmoja wa Zanzibar: unazikamulia kwenye paleti tupu yenye vishimo, kila rangi kijiko cha chai kimoja, unaandika namba kwa kalamu ya kudumu mgongoni, inatosha bi harusi na wapambe wake wote na chenji inabaki. Ila funika vizuri, tena hata chupa zenye pampu uzifungie karatasi ya nailoni chini ya kizibo, kwa sababu huko juu hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama mtu yuko mlimani mita 2,000 na kitu, ile iliyobaki kwenye chupa inatanuka inasukuma mekapu nje. Ni kile kile kinachovimbisha pakiti ya krispi basi likipanda Lushoto. Chupa iliyojaa haivuji sana, inayovuja ni iliyobaki nusu, na wengi ndo hizo tunabeba. Paleti kavu nazo weka kipande cha pamba kati ya poda na kioo, ikipasuka usilie, dondoshea spirit kidogo, ikandamize kwa tishu, iache ilale, asubuhi imeshikana.

Wembe wa nyusi uende begi la chini, usijaribu kujieleza. Taa ya ringi yenye betri ya kuchomoa na pawabenki ni kinyume chake, hivyo vinakaa na wewe mkononi, betri hizo hawazitaki kwenye mizigo kwa ajili ya moto. Spreyi za nywele zinakaa chini, kopo lisizidi nusu lita na zote kwa pamoja zisizidi lita 2, kizibo kiwepo.

Kuna na la mfuko wenyewe, hili linachekesha. Mifuko ya plastiki kwetu ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kila mtu anajua, Wakenya walitutangulia Agosti 2017. Sasa mtu anaambiwa aje na mfuko wa plastiki ndo apite, shangazi yangu aligoma katakata kuubeba akisema atakamatwa aende jela kwa ajili ya maskara, akatia vitu vyake kwenye kikapu cha ukindu. Shangazi alikuwa hajui kuwa serikali wakati ule ule ilisema mifuko ya zipu ya kuwekea vifaa vya kuogea na kujipamba wasafiri wanaruhusiwa, mradi wabaki nayo wasiitupe nchini. Nani alimwambia? Hakuna.

Na ndugu zangu wa Uingereza punguzeni kutuchanganya. Mtu anakupigia anasema huku chupa kubwa zinapita siku hizi, ni kweli baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya wamelegeza, Edinburgh wanaruhusu hadi lita 2. Lakini uwanja wa London City walilegeza 2023, ikafika Juni 2024 wakaambiwa warudi kwenye 100 ml. Na hata ukipita kwao unabadilisha ndege mahali pengine, unakaguliwa upya kwa sheria za hapo. Pafyumu za duty free nazo, yaani za maduka yasiyo na ushuru ya uwanjani, ule mfuko uliofungwa na risiti yake ndani usiufungue mpaka ufike mwisho wa safari. Jirani yangu kwenye siti aliufungua angani anusishe watu, alikuwa anaunganisha ndege, sijui kilimkuta nini mbele.

Ombi langu ni dogo Mhariri. Makampuni ya ndege na mawakala wa tiketi wanatutumia meseji za kutukumbusha saa ya kuripoti, waongeze mistari mitatu ya Kiswahili: chupa 100 ml, mfuko wa zipu mmoja, kikubwa weka chini. Viwanja viweke bango la picha kabla ya kaunta ya mizigo, sio baada yake, maana baada ya kaunta ni kama kumwambia mtu afunge mlango mbuzi yuko kwa jirani. Na nyie gazeti ukurasa wa urembo mnao kila wiki, wiki moja acheni contour mtuandikie hili.

Ile spreyi niliinunua nyingine Muscat, bei yake ukiigeuza shilingi unatafuta kiti. Harusi ilipendeza lakini. Mwezi ujao naenda tena, shangazi safari hii tunaongozana na mfuko wake wa zipu nimeshamnunulia, anauweka chini ya mto.

Mpambaji wa maharusi,
Tabata, Dar es Salaam