Kuandikishwa darasani hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu wanafunzi wenye mahitaji maalumu wanaosoma katika madarasa ya kawaida. Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililozitaka shule za kawaida zipokee watoto wote, na hasa baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, nchi nyingi zimekubali kwamba watoto hawa wasome pamoja na wenzao. Hata hivyo, ibara ya 24 ya mkataba huo haiishii kwenye kuandikishwa shuleni. Inataka pia kila mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake, na hapo ndipo shule nyingi zinapokwama.

Mwanafunzi kiziwi anayefuatilia midomo ya mwalimu hukosa maelezo yote yanayotolewa huku mwalimu amegeukia ubao. Hata akiwa na mkalimani wa lugha ya alama, hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwalimu asipotua kidogo ili mtoto aandike, atatoka na daftari lenye mapengo, kisha ataitwa mzito wa kuelewa. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, anahitaji kukaa mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, na kusomewa kwa sauti kila kinachoandikwa ubaoni. Wengi wenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano, hutulia zaidi wakijulishwa mapema kwamba ratiba itabadilika. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu aliyeandaliwa kuyatambua.

Linalonisikitisha zaidi ni mitihani. Wapo wanaouona muda wa ziada kuwa ni upendeleo, ilhali kusoma nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona, kwa vidole kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko kusoma maandishi kwa macho, hata kwa msomaji hodari. Vivyo hivyo, mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, anayeijua sayansi barabara anaweza kufeli kwa sababu tu muda umemwishia akihangaika kusoma maswali. Akisomewa maswali hayo hapewi majibu. Bado ni lazima aijue sayansi yenyewe.

Siwalaumu walimu. Mwenye darasa lililofurika hawezi kumwandalia kila mwanafunzi mpango wake usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Naziomba mamlaka za elimu ziingize stadi hizi katika mafunzo ya kila mwalimu, si ya walimu wa elimu maalumu pekee, na zitenge ndani ya saa za kazi muda wa mwalimu wa darasa kukaa na mwalimu wa elimu maalumu pamoja na mzazi. Mzazi asiitwe kwa ajili ya kutia sahihi tu, kwani mara nyingi yeye ndiye aliyekwisha kugundua nyumbani njia ya kumwelewesha mtoto wake.

Msomaji wako