Aliyeachwa ana nafuu kuliko aliyefiwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika humu kwamba wanawake wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman "wamepofushwa na riali", na kwamba dawa yao ni Uhamiaji kuwabana uwanja wa ndege. Nilikuwa mzee wa baraza, yaani mmoja wa raia wawili wanaoamua kesi pamoja na hakimu, kwa miaka mingi katika mahakama moja ya mwanzo huku Kahama. Wanawake ninaowajua mimi walianza safari ya Oman hapo mahakamani, kwenye kesi ya mirathi.

Nieleze ya mmoja, jina nalihifadhi. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo. Walianza na chumba cha kupanga, wakanunua kiwanja, wakajenga, na mwisho wakapata mashine ya kukoboa mpunga. Mume akiwa machimboni, mama ndiye aliyekaa kwenye mashine. Ndiye aliyejua nani anadaiwa na mkanda upi umeanza kulika. Siku moja kifusi kikamfukia mume. Msiba haujapoa, mashemeji wakaitisha kikao cha ukoo. Muhtasari ukaandikwa, mdogo wa marehemu akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na sahihi zote chini zikawa za wanaume. Mjane alikuja kupinga akiwa na mabinti zake wawili, mkubwa ndiyo kwanza ameanza shule. Upande wa pili ulikuwa na swali moja tu kwake: una mtoto wa kiume?

Wasiojua watadhani huo ni ukorofi wa mashemeji. La, wamesimama juu ya sheria. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lile la sheria za mila, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti wenyewe wamewekwa daraja la mwisho katika kugawiwa. Sasa mtoto wa darasa la kwanza amtunze mamaye kwa nini, kwa kalamu yake ya risasi? Nilipinga na kuandika sababu zangu. Hakimu na mzee mwenzangu wakanizidi. Hakimu alikuwa kijana muungwana na nilimwona ameumia, lakini huruma haina kifungu cha kunukuu.

Shemeji alikuwa na suluhu yake: mama abaki nyumbani, ila akubali kurithiwa naye, awe mke wake. Mama akakataa, na sheria ilikuwa upande wake, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yuko huru kuishi atakako na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Huru kuishi atakako, isipokuwa katika nyumba aliyoijenga.

Lililonikera miaka yote niliyokaa pale ni hili. Kama marehemu angemwacha mkewe akiwa hai, mama huyu angefungua shauri chini ya kifungu cha 114 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa na kudai mgawo wa mali waliyochuma pamoja. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua hata kazi za nyumbani kuwa mchango, sembuse kusimamia mashine. Lakini mume akifa wakiwa wanapendana, mke anatoka mikono mitupu. Nimewahi kumsikia mama mmoja nje ya mahakama akisema bora angegombana na mumewe mapema. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Na msiseme hakuna aliyelifikisha juu. Wajane wawili wa Mkoa wetu wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 majaji wakakiri kwamba mila hizo zinabagua, ila wakakataa kuzifuta, wakihofia kila kabila lingefuata na la kwake. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye karatasi. Wakaenda hadi Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania imeuridhia tangu 1985. Mwaka 2015 kamati ikasema nchi yetu imewakosea. Hadi natoka barazani, Tangazo Na. 436 lilikuwa bado linasomwa mbele yangu. Hofu ya majaji wale siielewi hasa nikikumbuka kwamba Jaji Mwalusanya, mwaka 1990, katika shauri lililotoka Kagera, aliamua mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume, na mbingu hazikuanguka.

Mjane aliyetolewa nyumbani kwake namna hiyo namwona kama mkimbizi, na sisi wa ukanda huu tunawajua wakimbizi. Malori ya kwenda kambi za Nduta na Nyarugusu, mkoani Kigoma, tumeyaona yakipita. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja sababu tano za mtu kuhesabiwa mkimbizi: rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Jinsia haimo. Binti yangu, ambaye ni wakili, ameniambia kwamba wenzetu wanapitia hilo "kundi la kijamii": Marekani mwaka 1996 ilimpa hifadhi binti wa Togo aliyekimbia ukeketaji, na Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hata wanawake wa nchi fulani kwa ujumla wao wanaweza kuhesabiwa kundi la namna hiyo. Vizuri. Ila mjane wa Kahama atafikaje huko? Viza ya Ulaya inataka taarifa ya benki, na benki yake ilikuwa ile mashine.

Oman ni tofauti kwa sababu moja ya kawaida kabisa: viza na tiketi hulipwa na mwajiri. Asiye na senti anaweza kuondoka. Gharama yake ataiona akifika, pale kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, atakapochukua pasi, na akitaka kuvunja mkataba aambiwe alipe kwanza kile kilichomleta. Sisemi kule ni kwema. Mjane yule wa mashine, ambaye sasa yuko huko, hunitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, maana simu hupewa vyombo vikishaoshwa. Mabinti wako kwa bibi yao Nzega. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Mama, nafokewa, lakini mshahara unakuja kwa jina langu."

Basi ndugu msomaji anayetaka Uhamiaji wawazuie: akirudishwa kutoka Dar es Salaam, arudi wapi? Nyumba ina mpangaji anayemlipa shemeji. Na wakifungiwa Dar, wengine watapita Nairobi bila mkataba uliopita ubalozini, ambao ndio kinga pekee waliyo nayo.

Wabunge wanajua la kufanya, maana Tume ya Kurekebisha Sheria ilishalishughulikia suala la mirathi tangu miaka ya 1990. Wanaume mnaosoma hapa msiwangoje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya kimila iwe na majina mawili, la mume na la mke. Nendeni ofisi ya kijiji mkaongeze la pili, na wosia muuandike mkiwa wazima, mbele ya mashahidi wasiotoka kwenye ukoo peke yake.

Mama Kulwa,
Kahama, Shinyanga